Kina cha Jina la Fundi

Malenga wenzangu watanisamehe nikianza na silabi kabla ya safari. Katika vina vyote vya Kiswahili, sidhani kama kuna kilicho rahisi kuliko -ni. Nomino ukiitia mahali, umepata kina: mjini, nyumbani, kaburini. Ukiwaamuru watu wengi, umepata kina: njoni, semeni, ondokeni. Ukiuliza, nacho kinakungoja: nani, nini, lini. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza hukikimbilia, na mshairi mkongwe aliyechoka hukirudia usiku wa manane.

Ndiyo maana Al Capone alinijia kirahisi mno. Waamerika hulitamka jina lake bila irabu ya mwisho, lakini ulimi wetu haupendi kufunga mlango, basi kinywani mwangu akawa Kaponi. Nilikuwa Chicago kwa siku chache, na rafiki aliyenialika alikuwa amenikodia gari na dereva wa kunizungusha kwenye maeneo ya majambazi wa miaka ya 1920. Usiku wa kuamkia ziara hiyo nilikwisha kuandika ubeti huu wa utenzi:

Jina lake ni Kaponi
na kofia i kichwani
sigara i mdomoni
mji wote wamjua.

Mizani minane kila kipande, bahari imekaa, na mimi nililala nimeridhika.

Asubuhi nilimkuta dereva chini ya hoteli akifuta kioo. Aliponisikia nikisema na simu alicheka, akaniamkia kwa Kiswahili. Kwao ni Uvira, kwenye pwani ya Ziwa Tanganyika. Chicago amefika kama mkimbizi, na kabla ya hayo yote alikuwa fundi wa magari. Aliniita Mwalimu, ingawa sifundishi. Amenipa ruhusa ya kuyaandika haya mradi nisimtaje jina.

Nilimweleza tunakokwenda, na hapo hapo tukakwama kwenye neno. Nilisema tunakwenda kuona mambo ya genge. Genge kwake si neno, na hata Dar es Salaam mtu akitumwa gengeni huleta nyanya na vitunguu. Nikasema jambazi. Nikasema haramia, lakini huyo kwangu bado ana jahazi na mawimbi. Yeye akasema, “Aa, ba bandi,” neno lililompitia Kifaransani, tukakubaliana nalo kwa siku hiyo.

Mambo yenyewe yanajulikana. Marekani ilipiga marufuku pombe kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1933, na kiu haikupigwa marufuku pamoja nayo. Aliyeweza kuileta bia na kuihonga polisi alitajirika. Wauzaji wakagawana mitaa, na waliposhindwa kugawana wakauana. Tulianzia mtaa wa State, penye kanisa kuu la Holy Name. Mbele ya kanisa hilo palikuwa na duka la maua, na humo Dean O'Banion aliuawa mwezi wa Novemba 1924, huku mmoja wa wageni wake akiwa ameushika mkono wake kama anayemsalimia. Mrithi wake, Hymie Weiss, alipigwa risasi nje ya kanisa hilo hilo mwezi wa Oktoba 1926. Risasi ziliyamega maneno ya Biblia yaliyochongwa kwenye jiwe la pembeni. Mtu wa lugha hawezi kupita hapo bila kusimama: sentensi takatifu iliyong'olewa herufi kwa bunduki. Nilisimama, nikapiga picha, na ubeti wangu ukazidi kuninogea.

Kisha tukaenda mtaa wa North Clark, namba 2122.

Hapana kitu hapo. Kuna nyasi na miti, na jirani yake nyumba ya kutunzia wazee. Gereji iliyokuwapo ilibomolewa mwaka 1967, na matofali ya ukuta wake yakanunuliwa na mfanyabiashara wa Kanada, yakapata kuwa mapambo ya choo cha wanaume katika klabu moja ya Vancouver. Sehemu yake sasa imo katika jumba la makumbusho huko Las Vegas. Sikuona kibao chochote. Dereva alizima gari akaangalia nyasi.

“Mwalimu, njo apa?”

“Ndipo hapa, ndugu yangu.”

Nikamsimulia. Tarehe 14 Februari 1929, saa nne na nusu asubuhi, watu saba walikuwa ndani ya gereji iliyotumiwa na kundi la Bugs Moran, adui wa Capone. Waliingia watu wenye silaha, baadhi yao wamevaa sare za polisi. Wale saba walidhani ni msako wa kawaida, wakageukia ukuta kama walivyoamriwa. Wakamiminiwa risasi. Moran mwenyewe alikuwa amechelewa, akaponea hapo. Capone alikuwa Florida. Mmoja wa waliopigwa, Frank Gusenberg, aliishi saa chache zaidi, na alipoulizwa ni nani waliofanya vile alikataa kusema. Hakuna aliyepata kuhukumiwa kwa mauaji hayo.

Nilikuwa nikiyasema haya kwa mbwembwe, nakiri. Kisa kina tamthilia ndani yake, nami nilikuwa na msikilizaji.

“Balivaa nguo ya polisi?” akauliza.

“Ndiyo.”

Alinyamaza kidogo. “Ata kwetu balikuya na nguo ya basoda. Yaya yangu alikuwa ndani.”

Yaya, kwa Kiswahili cha kwao, si mlezi wa watoto. Ni kaka mkubwa. Basoda ni askari wa jeshi. Nilihitaji nukta kadhaa kulipanga hilo kichwani, na aibu yangu ni kwamba kwa nukta hizo nilikuwa nafikiria msamiati. Sikumwuliza zaidi, naye hakuendelea. Alichouliza baadaye kilihusu wale saba: walikuwa watu gani?

Hapo nilijikuta sina jibu la haraka. Majina ya utani ya majambazi niliyajua tangu ujana kwa sababu ya filamu. Ya waliokufa ilibidi niyatafute kwenye simu. Watano walikuwa watu wa Moran kweli. Wa sita, Reinhardt Schwimmer, kazi yake ilikuwa miwani. Hakuwa mwuaji, alipenda tu kukaa karibu na watu wa hatari. Wa saba aliitwa John May. Huyu alikuwa fundi wa magari, baba wa watoto, aliyekuja gereji kutengeneza magari yao, na alikufa na nguo zake za kazi. Mbwa wake, aliyefungwa humo ndani, alipona, na kelele zake ndizo zilizowafanya majirani wajue kuna jambo.

“Fundi,” dereva akasema.

Ziara iliendelea kwa kuwa ilikwisha lipiwa. Tulipita Biograph, jumba la sinema ambapo John Dillinger aliuawa nje yake mwaka 1934. Huyo alikuwa mvunja mabenki, hata simwoni anahusikaje na orodha hii. Green Mill tuliiona tukiwa ndani ya gari. Upande wa kusini, penye makutano ya Michigan na Cermak, hoteli ya Lexington iliyokuwa makao ya Capone ilibomolewa miaka ya 1990. Jioni tulifika makaburi ya Mount Carmel, nje ya mji, ambako Capone amezikwa, na O'Banion na Weiss wamo humo humo. Serikali ilimpata Capone kwa kodi, akahukumiwa miaka 11 mwaka 1931. Alikufa nyumbani kwake Florida mwaka 1947. Jiwe lake ni dogo, lina ombi fupi la rehema, na wageni walikuwa wameacha sarafu na sigara juu yake. Dereva hakushuka garini.

Usiku niliurudia ule ubeti nikaufuta. Haukuwa na kosa la arudhi. Ila utenzi ni bahari tuliyoizoea kwa mashujaa, na kila unayemtia humo, humvisha kanzu ya ushujaa hata kama hukukusudia. Nikajaribu jina la fundi.

May, kwa tahajia yetu, ni Mei. Silabi yake ya mwisho ni irabu i iliyosimama peke yake, na kina hicho ni kigumu. Nilijipangia orodha kama nifanyavyo siku zote: chai, tui, bei, rai, hai, adui. Nomino zikaniishia mapema. Vitenzi ndivyo vilivyokuja kunisaidia, na karibu vyote vilikuja katika umbo moja: hajui, hasikii, hatembei, hapokei, harejei. Sarufi yetu humaliza ukanushi wa wakati uliopo kwa i, na vitenzi vya -ea na -ia na -ua ndivyo vinavyoiacha i hiyo bila konsonanti. Nimeandika mashairi miaka mingi sikuwahi kuliona hilo.

Fundi Mei haongei
kwa wanawe harejei
mshahara hapokei
mbwa anamlilia.

Nilimtumia dereva kwa simu kabla sijaondoka. Alinijibu kwa sauti, injini ikinguruma nyuma yake. Alisema ni sawa, ila kuna kitu nimesahau: yule fundi alikuwa anatengeneza mutuka gani? Nikamwambia nilivyosoma, kwamba lilikuwa lori. Akasema basi niliweke na lenyewe, maana fundi hawezi kuandikwa bila kazi iliyokuwa mkononi mwake.

Ubeti wa pili nimeuanza mara nne. Lori lina mizani miwili tu, lakini bado sijalipatia mahali pa kuliegesha.