Dawa mbili za kifafa si moja kujumlisha moja

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikimsindikiza dada yangu kliniki na mwanawe mwenye kifafa. Mtoto ana miaka minane, ananiita mama mdogo, na majina ya dawa zake anayataja bila kukosea. Alianza na dawa moja, valproeti. Kuanguka kulipungua lakini hakukuisha. Mwaka jana daktari akaongeza dawa ya pili, lamotrijini, na miezi ikapita bila kuanguka.

Ndipo dada akaniuliza: "Mdogo wangu, wewe ndiye unayeandika habari za afya. Kama hii mpya imefanya kazi, kwa nini nisimwachishe ile ya zamani? Anasinzia darasani, mwalimu kila siku analalamika."

Ni swali la haki, na najua wazazi wengi wanajiuliza hivyo hivyo usiku wakihesabu vidonge. Kulijibu ilinibidi nisome sana. Sehemu kubwa ya jibu niliikuta mbali na kliniki yetu, kwenye maabara zinazopima dawa kwa panya.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2000, madaktari Patrick Kwan na Martin Brodie wa Glasgow, Scotland, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 525 wa kifafa. Kati ya wale ambao hawakuwa wametibiwa kabla, asilimia 47 waliacha kuanguka kwa dawa ya kwanza waliyopewa. Wengine walipona baada ya kubadilishiwa. Lakini zaidi ya theluthi moja waliendelea kuanguka hata walipojaribiwa dawa tofauti. Hao ndio ambao daktari huanza kuwafikiria kwa dawa mbili kwa pamoja.

Sasa, zipi mbili? Dawa za kifafa zimepita 20. Ukichukua dawa 20 tu, jozi zinazowezekana ni 190, na hapo bado hujagusa dozi. Hakuna mzazi atakayekubali mwanawe ajaribiwe jozi moja baada ya nyingine. Kwa hiyo wanaotangulia ni wanyama.

Jambo hili si geni. Fenitoini, ambayo wazazi wengi wanaijua, iligunduliwa hivyo huko Boston, Marekani. Tracy Putnam na Houston Merritt walijaribu kemikali nyingi kwa paka waliopewa mshtuko mdogo wa umeme, wakitafuta ile inayozuia degedege bila kumlaza mnyama usingizi. Mwaka 1938 walitangaza kuwa dawa hiyo imewasaidia wagonjwa.

Kupima dawa mbili kwa pamoja ni kazi ngumu zaidi. Katika mji wa Lublin, Poland, watafiti wakiongozwa na Stanisław Czuczwar na Jarogniew Łuszczki wameifanya kwa miaka mingi wakitumia panya wadogo weupe. Njia yao inaeleweka hata ukiwa jikoni.

Tuseme dawa ya kwanza inahitaji miligramu 10 ili kuwakinga nusu ya panya wasipate degedege, na ya pili inahitaji miligramu 20 kufanya kazi hiyo hiyo. Namba hizi ni za mfano tu. Sasa wanachanganya nusu kwa nusu: 5 za ile na 10 za hii. Kama dawa zinajumlishana tu, nusu ya panya watakingwa, si zaidi wala pungufu. Ikitosha dozi ndogo kuliko hiyo, dawa zinasaidiana. Ikihitajika kubwa zaidi, zinavutana.

Matokeo yao ya mwaka 2003 yalinifanya nisome mara mbili. Lamotrijini ikichanganywa na valproeti, zilisaidiana. Lamotrijini hiyo hiyo ikichanganywa na kabamazepini, zilivutana. Kila moja peke yake ni dawa nzuri. Ila lamotrijini na kabamazepini zinafanya kazi kubwa mahali pamoja, kwenye vijilango vinavyopitisha sodiamu katika seli za neva. Kuongeza ya pili mahali hapo si lazima kuongeze kinga.

Lakini kuzuia degedege ni nusu ya kipimo. Nusu nyingine ni madhara. Panya aliyepewa mchanganyiko huwekwa ndani ya bomba jembamba la plastiki lililosimamishwa, naye hutakiwa kupanda kinyumenyume hadi atoke. Panya mzima hutoka ndani ya dakika moja. Aliyelewa dawa hushindwa. Jozi nzuri ni ile inayokinga zaidi bila kulevya zaidi. Niliposoma hapo nilimkumbuka mtoto wetu akisinzia juu ya dawati.

Panya hawa hawapati faida yoyote, na mwisho wa majaribio huuawa. Sioni hilo kuwa jambo dogo. Lakini nikiulizwa kama ningetaka jozi hizo zijaribiwe kwanza kwa watoto, jibu langu ni hapana.

Panya pia hawasemi kila kitu. Levetirasetamu, ambayo sasa inatumika sana duniani, haikuonyesha nguvu katika vipimo viwili vya kawaida vya panya, kile cha mshtuko wa umeme na kile cha kemikali inayoleta degedege. Iliokolewa na vipimo vingine, kwa wanyama waliokuwa wamejengewa kifafa polepole. Kipimo kimoja kingetosha kuitupa. Isitoshe, ini la panya haliondoi dawa mwilini kwa kasi ile ile ya ini la mtoto.

Na hapo kwenye ini ndipo lilipo jibu la dada yangu. Valproeti hupunguza kasi ya ini kuondoa lamotrijini. Ndiyo maana mtoto anayetumia zote mbili huanzishiwa lamotrijini kwa dozi ndogo sana na kupandishwa polepole, kwani ikiingia kwa haraka inaweza kuleta vipele vikali vya kuhatarisha maisha. Sasa ukiondoa valproeti ghafla, lamotrijini nayo huanza kutoka mwilini kwa kasi. Umeacha kidonge kimoja, lakini mwili umepungukiwa na dawa zote mbili. Mtoto anaweza kurudi kuanguka, na kwa kifafa kisichokatika haraka, ambacho ni hatari ya kufa.

Dada alisikiliza akanyamaza. Kisha akasema, "Kwa hiyo hicho kidonge cha zamani ndicho kinachokishikilia hiki kipya." Sijawahi kukisoma kwa ufupi namna hiyo.

Hakumwachisha. Tulirudi kliniki na malalamiko ya mwalimu, daktari akapunguza valproeti kidogo na kuendelea kumwangalia. Mtoto anasinzia kidogo kuliko zamani. Alianguka mara moja alipokuwa na homa, na hilo nalo tuliliandika.

Mzazi mwenzake dada yangu, nakuomba mambo machache. Usipunguze wala kuongeza dawa ya kifafa bila daktari, hata kama mtoto anaendelea vizuri. Rudi kliniki kabla vidonge havijaisha. Ukipewa dawa nyingine yoyote, iwe ya duka au ya mitishamba, taja zile anazotumia. Ukiona vipele baada ya kuanza lamotrijini, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kama ni binti anayetumia valproeti, zungumza na daktari mapema, kwa sababu dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Na nunua daftari. Andika tarehe aliyoanguka, ilichukua dakika ngapi, alikuwa amelala au macho, alikuwa na homa au la, kama aliruka dozi, anasinzia saa ngapi, anakula vipi. Panya wamesaidia kuonyesha jozi ipi inafaa kujaribiwa. Hawajui kama mwanao ataweza kusoma saa nne asubuhi akiwa na dawa hizo mwilini. Daktari hulijua hilo kutoka kwako tu, kwa hiyo nenda na daftari lako, na ukifika, lifungue mezani kabla hujaulizwa.