Vilivyo Ndugu Vikae Pamoja

Mama mwenzetu, huenda nawe umewahi kupokea kadi ya mwaliko ukaigeuza huku na huku ukitafuta tarehe. Umeisoma mara mbili, ukamwita mtoto akusaidie, na mwisho ukamwuliza jirani. Zamani tulidhani kosa ni la msomaji. Leo twajua kwamba mara nyingi kosa ni la aliyeipanga kadi, nasi twalijua kwa sababu tulilitenda sisi wenyewe.

Sisi ni mawifi wawili, wakazi wa Morogoro. Mmoja wetu ni mjane, mwingine ni dada wa marehemu. Ndugu yetu huyo alifariki mwezi wa Machi 2013, akaacha watoto watatu na duka dogo la steshenari karibu na stendi. Dukani mlikuwa na kompyuta moja, printa moja na mashine ya fotokopi. Fotokopi ilinunuliwa kwa fedha za dada. Kompyuta ilinunuliwa kwa mkopo ambao mke alikuwa bado akiulipa kwa kushona nguo. Baada ya arobaini, kikao cha ukoo kiliamua kwamba duka liwe letu sote wawili. Wazee waliondoka wakiamini wamemaliza jambo. Kumbe ndipo lilipoanza.

Hatukugombana kwa sauti. Tuligawana saa tu: mjane asubuhi, dada mchana. Madaftari ya mauzo yalikuwa mawili. Neno la lazima liliandikwa kwenye kipande cha karatasi na kubandikwa pembeni mwa kompyuta: wino umekwisha, au nani kachukua elfu tano. Watoto walizoea kwamba shangazi akiingia, mama anatoka.

KADI ILIYOPOTEZA WAGENI

Mwezi wa Septemba mwaka ule, mama mmoja wa mtaani kwetu alituletea kazi ya kadi za harusi ya binti yake. Sherehe ya kumuaga binti ilikuwa Jumamosi tarehe 12 Oktoba, na ndoa Jumamosi tarehe 19 Oktoba. Aliyekuwa zamu ya asubuhi aliandika majina ya maharusi, kanisa na tarehe zote mbili. Mchana yule mama alirudi na maelezo mengine: ukumbi wa kumuaga binti, namba za simu za kamati, na rangi ya sare. Aliyekuwa zamu ya mchana akayaingiza palipokuwa na nafasi. Hakumwuliza mwenzake, na mwenzake hakuwa ameacha maelezo yoyote. Basi jina la ukumbi wa tarehe 12 likaangukia chini kabisa ya tarehe 19. Tukaweka maua kila pembe, tukatumia aina saba za herufi, tukaona kadi imependeza.

Siku ya ndoa, bibi mzaa mama wa bibi harusi alitoka Kilosa kwa basi la alfajiri pamoja na ndugu wanne. Walifuata kadi, wakaenda ukumbini. Wakakuta kufuli. Wakakaa barazani na zawadi zao mapajani, wakidhani wamewahi mno. Mpita njia alipowaelekeza kanisani, walifika watu wakiwa wanatoka. Bibi yule hakumwona mjukuu wake akifunga ndoa.

Jumatatu mama wa bibi harusi alikuja dukani. Ilikuwa saa ya kupokezana zamu, kwa hiyo alitukuta sote. Hakupiga kelele. Aliweka kadi juu ya kaunta, akasema, "Hebu nisomeeni, wanangu. Tarehe kumi na tisa mgeni aende wapi?" Mmoja wetu akanyosha kidole juu ya kadi, mwingine akanyosha chini. Mama yule akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Na ninyi mnakaa duka moja," akasema.

Tulimrudishia fedha yake yote. Akaipokea, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Ingekuwa afadhali angetutukana.

KITABU CHINI YA MABOKSI

Siku ile tulifunga duka mapema ili tupige hesabu ya hasara. Katika kutafuta risiti tukakuta, chini ya maboksi ya karatasi, kitabu cha marehemu chenye alama zake za penseli. Kiliitwa The Non-Designer's Design Book, yaani kitabu cha usanifu wa kurasa kwa mtu asiye msanifu. Kimetungwa na Robin Williams, mwanamke wa Marekani, na kilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1994. Si yule mwigizaji wa filamu mwenye jina kama hilo.

Kitabu ni cha Kiingereza. Dada alifika kidato cha sita na Kiingereza anakisoma vizuri, ila mikono yake haijui kupanga hata sahani mezani. Mjane aliishia darasa la saba, lakini ni fundi cherehani. Upindo uliopinda huuona akiwa mlangoni. Mmoja hakuweza kukisoma na mwingine hakuweza kukitenda. Ikatulazimu kuketi pamoja kila Jumatano jioni, mmoja akisoma na kufasiri, mwingine akiwa na mkasi na kadi mbovu.

Mwanzoni mwandishi anasimulia jinsi alivyopewa zawadi ya Krismasi, kitabu cha kutambulia miti. Mti wa kwanza kitabuni ulikuwa wa ajabu, uitwao mti wa Yoshua, naye akajiambia kwamba kwao mti wa namna hiyo haupo. Alipotoka nje akaukuta kwenye nyua za jirani zake. Alikuwa akiupita miaka yote pasipo kuuona, kwa sababu hakujua jina lake. Anasema ndivyo ilivyo hata kwa ukurasa: kosa ukilijua jina utaliona, na ukiliona unaweza kulitengeneza.

Kisha anataja kanuni nne. Tuliziita kwa Kiswahili chetu: ukaribu, mstari, marudio na tofauti.

NDUGU NA MAJIRANI

Ukaribu ndio kanuni tuliyokaa nayo muda mrefu zaidi. Maana yake ni kwamba mambo yanayohusiana yawekwe karibu, na yasiyohusiana yatengwe kwa nafasi. Jicho la msomaji huamini kwamba vilivyo jirani ni ndugu. Tuliikata ile kadi vipande kwa mkasi, tukavitawanya mezani: vilikuwa kumi na kimoja. Kitabu kinafundisha kufumba macho nusu na kuhesabu mara ambazo jicho linasimama. Yakizidi mambo matatu hadi matano, tafuta yapi yanaweza kuunganishwa. Tukasogeza vipande vile vikawa mafungu matatu: kumuaga binti na siku yake na mahali pake; ndoa na siku yake na mahali pake; na kamati na simu zao. Tulimaliza kwa dakika tano. Kama tungefanya hivyo mwezi wa Septemba, bibi angekuwa kanisani.

Hapo mjane akanyamaza. Akafungua mkoba, akatoa katika kitabu chake cha nyimbo ile ratiba ya mazishi ya mumewe. Ukurasa wa kwanza palikuwa na wazazi, kaka, dada na wajomba. Jina la mke lilikuwa nyuma, baada ya kamati ya mazishi, karibu na shukrani kwa waliotoa maturubai.

"Wifi," akasema, "mimi nilikuwa mbali naye hivi?"

Aliyeiandika ratiba ile alikuwa dada. Aliiandika usiku wa manane, macho yamevimba kwa kulia, wazee wakimtajia majina. Jina la mke walilikumbuka mwisho, naye akaliweka palipobaki nafasi. Hakuwa na nia mbaya. Lakini karatasi haielezi nia. Msomaji huona umbali tu.

"Nisamehe, wifi," dada akasema. "Nilikuona unanikwepa, nikadhani ni kwa ajili ya fotokopi."

Miezi saba tulikuwa tukipishana mlangoni na jambo lenyewe hatujalitaja. Usiku ule tulilitaja. Hatukusoma zaidi; tulilia, tukaomba, tukaenda nyumbani kwa watoto pamoja.

YALE MENGINE MATATU

Jumatano zilizofuata zilikuwa nyepesi zaidi. Mstari ni kanuni isemayo kwamba kitu kisiwekwe ovyo. Kila kitu kishikane na kingine kwa mstari, hata kama mstari wenyewe hauonekani. Wanaoanza hupenda kuweka kila kitu katikati, nasi tulikuwa hivyo hivyo. Tuliposogeza maneno yote yakaanzia upande mmoja wa kushoto, kadi ikasimama wima kama nguo iliyopigwa pasi. Mjane alileta chaki ya cherehani na rula, akawa anachora mstari na kukagua nani ametoka nje.

Marudio ni kurudia kitu kimoja ili kurasa zionekane za nyumba moja: herufi ile ile ya vichwa, mstari ule ule mnene, rangi ile ile. Somo hili mjane alilifasiri mwenyewe kabla hatujamaliza kulisoma. Alivua kanga begani akaitandika mezani. Kanga ina pindo linaloizunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maandishi. Pindo hurudiwa, mji hupata nafasi yake, na jina huwekwa mahali pa kujulikana, mara nyingi katika kisanduku chake. Mtu akipita mbele yako unajua pa kutazama. Tulikuwa tumejifunga usanifu kiunoni tangu usichana wetu.

Tofauti ndiyo ya mwisho. Vitu viwili visipofanana, basi visifanane hasa. Kichwa cha pointi 14 juu ya maneno ya pointi 12 huonekana kama kosa la mpiga chapa. Kiwe cha 24, kila mtu ataelewa. Ni sawa na sare ya harusi: kijani mbili zinazokaribiana huonekana kama fundi alipungukiwa kitambaa. Ndivyo ilivyo kwa herufi. Zipo zenye vikucha kwenye ncha zake, kama za Biblia nyingi, na zipo zilizokatwa bila vikucha, kama za vibao vya barabarani. Chagua moja ya kila upande, zinatosha. Usiandike aya nzima kwa herufi kubwa. Neno la herufi ndogo lina vichwa na mikia ya kulitambulisha, lakini la herufi kubwa tupu huwa kama sanduku. Kanga yaweza kutumia herufi kubwa kwa sababu maneno yake ni machache.

Kilichotushinda kwa muda ni nafasi tupu. Mama anayejua bei ya karatasi hapendi kuona pembe imebaki nyeupe. Lakini nafasi ile ndiyo itenganishayo fungu na fungu. Ukiijaza maua, umelivunja lile ulilojenga.

IBADA YA MWAKA

Mwezi wa Machi 2014 tulitengeneza wenyewe ratiba ya ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Tulikunja karatasi ya A4 ikawa na kurasa nne za A5. Ukurasa wa mbele tuliweka jina lake kwa herufi nene, na chini yake, kwa herufi nyembamba, mke na watoto watatu. Kisha tukaacha nafasi, ndipo wakafuata mama mzazi na ndugu zake. Sehemu iliyobaki tuliiacha nyeupe.

Baba mdogo alipoipokea aliigeuza. "Mbona tupu hivi? Maneno yamewaishia?" akauliza. Tukatabasamu tu. Wakati wa ibada tulimtazama: alifungua mwenyewe, akapata nambari ya wimbo mwenyewe, hakumgusa jirani begani hata mara moja. Naye mama mkwe, ambaye macho yake si mazuri, aliweka kidole juu ya jina la mkewe mwanawe, akakiteremsha kwa watoto, kisha kwenye jina lake mwenyewe. Hakusema neno.

Ewe mama ambaye kikundi chenu kinaandika tangazo la mkutano, la kliniki ya watoto au la harambee, huhitaji kompyuta ili uanze. Andika kila jambo kwenye kipande chake cha karatasi. Kusanya yaliyo ndugu. Yapange yashike mstari mmoja. Chagua jambo moja tu liwe kubwa kuliko yote, na mara nyingi ni lile ambalo mtu akilikosa atapoteza safari yake. Nabii Habakuki aliagizwa kuandika ujumbe wake kwa namna ambayo hata mwenye haraka asingeshindwa kuusoma. Nasi tufanye hivyo kwa wenzetu. Kisha mpe mtu ambaye hajui lolote la habari hiyo, umwulize: wapi, lini, saa ngapi? Akisita, rudi mezani.

Dukani kwetu zamu bado zipo, maana kila mmoja ana nyumba. Lakini daftari la mauzo sasa ni moja. Na mwaka 2015 yule mama wa mtaani alirudi, safari hii kwa harusi ya binti yake wa pili. Hakuja peke yake. Alikuja na bibi kutoka Kilosa, akamketisha kwenye kiti mbele ya kaunta, akasema, "Mkimaliza kadi ya kwanza, mpeni huyu asome. Akielewa, chapeni zilizobaki."

Bibi aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali kidogo na macho yake. Sisi wawili tulisimama nyuma ya kaunta tumeshikana mikono kama wanafunzi wanaongoja matokeo. Akaisoma tarehe. Akalisoma kanisa. Kisha akauliza saa ya basi.