Seremala Aliyetusomea Mateso

Mtoto wa dada yangu anasoma chuo kikuu, anaimba kwaya, na mkesha wa maombi haumpiti. Mwaka huu, Jumatano ya Juma Kuu, nilimtajia Simoni Mkirene. "Simoni yupi huyo, mjomba? Petro?" Nikamweleza kuwa ni yule aliyekuwa anatoka shamba, askari wakamkamata na kumtwika msalaba wa Yesu. Akaitikia kwa adabu, kisha akaniambia kwamba kanisani kwao juma lote hilo huhubiriwa ufufuo, maana mateso yalikwisha kupita. Ni kijana mwema, na imani yake naiheshimu. Lakini maneno yale yamenikaa rohoni, na ndiyo yaliyonisukuma niandike habari za mzee mmoja wa Rungwe.

Alikuwa mwinjilisti wa mtaa wetu, na riziki yake ilikuwa useremala. Wamoravian waliingia Rungwe mwaka 1891, na katika desturi walizokuja nazo kutoka kwao Ujerumani ni hii ya kusoma habari za mateso jioni baada ya jioni, tangu Jumapili ya Matawi, Injili nne zikiwa zimeunganishwa kuwa simulizi moja. Wengine wanayasoma katika kitabu. Mzee wetu alikuwa na kaunta buku aliloliandika kwa mkono wake: maneno ya Mathayo kwa wino wa bluu, ya Marko kwa mweusi, ya Luka kwa mwekundu, na Yohana, sijui kwa nini, kwa kalamu ya risasi. Watoto tulioketi mstari wa mbele tuliweza kuona rangi zikibadilika, tukajua sasa anazungumza nani.

Juma Kuu kwetu huangukia masika, na mvua ya Tukuyu haina huruma. Tulifika tumelowa, wengine tumejifunika majani ya mgomba. Ndani kulikuwa na harufu ambayo sijaikuta mahali pengine popote: mafuta ya taa, makoti mabichi, moshi wa jikoni uliokaa kwenye khanga za mama zetu, na maranda ya msonobari yaliyomfuata mzee kutoka karakana yake hadi madhabahuni. Karabai aliipampu mwenyewe. Ilipotulia na kuanza kuvuma, ndipo alipofungua daftari, akasoma Kiswahili, kisha akaeleza kwa Kinyakyusa.

Hakuwa na haraka. Alhamisi usiku alikaa kwenye ule moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu mpaka tukausikia. Alituhesabia watu wanaouota: mjakazi wa mlangoni, watumishi, askari, na Petro katikati yao akinyoosha mikono kama mtu wa nyumbani. Kisha akauliza, "Wewe umeota moto na akina nani juma hili?" Hakumtazama mtu. Asubuhi yake, Ijumaa Kuu, niliwaona kwa macho yangu wanaume wawili waliogombania mpaka wa shamba la migomba kwa muda mrefu wakiingia kanisani pamoja na kuketi benchi moja. Baba yangu alinishika mkono nisigeuke kuwatazama.

Ibada ya Ijumaa ilianza saa tatu, kwa kuwa Marko anasema ndiyo saa waliyomsulubisha. Ilipogonga saa sita mzee alipita ukutani akifunga madirisha ya mbao moja moja. Alikuwa ameyatengeneza mwenyewe na yalifunga barabara. Tukabaki gizani tukisikia mvua, naye akayataja yale maneno saba ya msalabani, matatu ya Luka, matatu ya Yohana, na kile kilio kimoja wanachokiandika Mathayo na Marko. Saa tisa kengele ililia, akayafungua tena.

Kabla ya hapo ndipo alipotoa msumari. Ulikuwa wa inchi sita, wa kenchi za paa, kutoka kwenye mfuko wa koti. Aliuweka juu ya meza ya Bwana, akasema, "Mimi nagonga hii kila siku. Na yeye alikuwa seremala, sauti ya nyundo aliijua tangu utotoni." Basi. Hakuugonga wala hakuunyanyua tuuone. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza kwa nini hakutueleza maumivu yenyewe, akanijibu nikasome Injili nitafute mahali ambapo misumari imetajwa. Nilitafuta. Wainjilisti wote wanne wanapofika kwenye kusulubiwa kwenyewe wanapita kwa maneno machache mno, na alama za misumari hazisikiki mpaka Tomaso anapotaka kuziona, Bwana akiwa amekwisha kufufuka. Lakini wanawake waliosimama mbali wana majina. Simoni anatajwa na wanawe, Aleksanda na Rufo. Nikodemo, aliyewahi kuja usiku, anakuja sasa na manemane na udi kiasi cha ratili mia. Kumbe kalamu zao zilikaa kwa watu. Huko ndiko mzee naye alikokaa.

Nilitaka kuhakikisha mwaka. Cheti changu cha kipaimara kinaonyesha 1974, na nakumbuka nilikuwa bado mwanafunzi wa kipaimara msumari ule ulipowekwa mezani kwa mara ya kwanza. Dada yangu anashikilia kuwa ni mwaka mmoja kabla. Iwe hivyo.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mwaka 1968, katika kaburi la kale huko Jerusalem, ulipatikana mfupa wa kisigino cha mtu aliyesulubiwa na Warumi, na msumari ungali umepita ndani yake. Ncha yake imepinda. Wataalamu wengine wanadhani uligonga fundo la mti, na kwa sababu hiyo waliomshusha hawakuweza kuung'oa, akazikwa nao. Nilitamani mno kumpelekea mzee habari hiyo. Angeielewa kuliko profesa yeyote, maana nilimwona mara nyingi akihangaika na msumari uliopindia kwenye fundo. Alikuwa ameshatangulia.

Kanisa letu lenyewe halikuwa na kiasi siku zote. Katika miaka ya 1740 ndugu wa Kimoravian huko Ujerumani walizama katika kuimba vidonda na damu hata Zinzendorf, kiongozi wao, akalazimika kuwarudi. Kilichodumu baada ya msisimko ule ni kusoma, jioni baada ya jioni. Naamini hiyo ndiyo sababu iliweza kufika mpaka Rungwe na kumfaa seremala.

Yaliyofuata nayasema upesi. Vita vilikuja vikaisha, maduka yakawa matupu, mafuta ya taa yakaadimika, na juma moja la mateso tukasomewa mchana kwa kuwa karabai ilikuwa kavu. Zikaja kaseti za kwaya. Likaja gari na jenereta, wakatundika kitambaa cheupe uwanjani, tukaiona ile filamu ya Yesu ya mwaka 1979 iliyofuata Injili ya Luka. Watu walilia, na mimi nililia. Mwaka 2004 ikatoka ya Mel Gibson, na kwenye vibanda vya video vijana wakaitazama pamoja na filamu za ngumi. Kupigwa mijeledi, ambako Injili inakumaliza kwa sentensi moja, kule kunachukua dakika nyingi za nyama kuchanika. Niliwauliza vijana waliotoka kuitazama Pilato alitaka nini, wakaniambia jinsi mgongo ulivyokuwa.

Halafu hata mgongo ukaachwa. Ninaposikiliza mahubiri ya redioni siku hizi, msalaba unatajwa kila dakika na hakuna anayesulubiwa juu yake. Damu ya Yesu inafunika gari jipya, inafunika safari, inachoma adui kazini. Mhubiri anauliza nani anataka kupokea, mikono inapanda, na Ijumaa Kuu yenyewe inakuwa maandalizi ya sadaka ya Pasaka. Jambo hili linaniuma, nalo linaniuma kwa ajili ya watu ninaowajua. Jirani yangu alifiwa na mtoto wa miaka tisa mwezi wa pili. Jumapili iliyofuata aliambiwa mbele ya watu atangaze ushindi. Alirudi nyumbani, akafunga mlango, hajaenda tena. Mimi na mke wangu tulimfuata, na baada ya kuketi sana nilimsomea habari za mama aliyesimama karibu na msalaba akimtazama mwanawe. Aliniomba niirudie. Kisha akauliza kama yule mama alisema neno lolote. Nikamwambia Yohana haandiki neno lake hata moja. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi huyo ananijua."

Wamoravian wana muhuri wao, Mwana-Kondoo anayebeba bendera ya ushindi. Mzee aliuchonga kwenye mlango wa kanisa letu. Ushindi upo pale, sikatai, lakini aliyeishika bendera ni yule aliyechinjwa, na mzee aliichonga alama ya jeraha kifuani kwa patasi nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo.

Binti yake ndiye anayelitunza lile kaunta buku. Kurasa za Yohana zimefifia kwa sababu ya kalamu ya risasi, na mchwa wamekula pembe za Mathayo, ila simulizi linasomeka lote. Nimelinakili, nikipitia tena maneno ya Yohana kwa wino wa kijani. Kisha nimeuomba usharika ninaosali sasa, huku mjini, utupatie jioni za Juma Kuu lijalo tusome kwa mpango ule, bila vyombo. Wazee wa kanisa wamenijibu kwamba jioni hizo kwaya zinafanya mazoezi ya Pasaka. Nimewaandikia barua ya pili nikiomba Alhamisi peke yake, na mtoto wa dada yangu amekubali kuwa msomaji wa sehemu ya Luka.