Siku Tuliyoambiwa Godane Amekufa

Septemba 2014, nilikuwa kidato cha pili. Redio ikasema Marekani imethibitisha: Ahmed Godane, kiongozi wa al-Shabaab, ameuawa Somalia na makombora ya ndege zao, droni zikiwemo. Mathe akaongeza sauti. "Sasa watatuacha tulale." Nilifurahi, sitadanganya. Mwaka mmoja kabla, watu 67 waliuawa Westgate, na ni Godane aliyejitokeza kusema kundi lake ndilo lilifanya.

Baadaye nikamsoma. Mtoto wa Hargeisa, mpenda mashairi, aliyesomea Pakistan kwa ufadhili. Mtu wa vitabu!

Siku chache tu baada ya kifo chake, wakataja mrithi. Miezi saba baadaye, Aprili 2, 2015, wakaingia Chuo Kikuu cha Garissa. Watu 148, wengi wao wanafunzi.

Nilipoitwa chuo, mathe alinisindikiza hadi steji. "Ukisikia mlio, usitoke kuangalia."

Mwaka wa pili karo ilinishinda, nikaacha. Nilirudi nyumbani na godoro kichwani, nikiwa nimejiandaa kugombezwa. Hakuuliza kuhusu digrii. Alinishika mabega, akanitazama juu hadi chini.

"Umerudi mzima," akasema.