Moto ya mapigo mawili inapokataa kuwaka

Wengi mmeniuliza ile moto yetu ilipona vipi. Naandika yote hapa mara moja, maana kumweleza kila mtu kwa sauti kunanimalizia mega. (Nikisema moto nasema pikipiki, siyo moto wa kupikia. Wenzetu wa Tanzania msicheke.)

Ni Yamaha DT 125 ya zamani, injini ya mapigo mawili, mlio wake kama msumeno wa kukatia miti. Hizo, pamoja na ndugu yake AG 100, mashirika na misheni walizinunua sana kwa ajili ya njia za milimani, ndiyo maana mpaka leo unazikuta. Yetu ilipita mikono mingi kabla ya kufika kwa yaya wangu. Alfajiri Mama Mdogo ananunua ndagala hapa ufukweni Ruziba, yaya anazipandisha milimani ambako bei ni nzuri. Ndagala mbichi hazimngoji mtu. Jua likipanda ungali unapiga kiki, umeshakula hasara. Na nyumbani tuko saba, kodi inatoka humo humo.

Basi ikaanza kukataa. Kiki thelathini, arobaini, mguu umevimba, kimya. Ukiisukuma kwenye mteremko inashika. Ikishashika, inataka choki ibaki imefunguliwa, na mara nyingine inanguruma yenyewe bila mtu kugusa akseli. Fundi mmoja wa barabarani aliisikiliza dakika mbili akasema moteri imekufa, leteni laki nne tufungue yote. Laki nne sisi tungetoa wapi? Yaya akaanza kutafuta mtu wa kuinunua kwa bei ya chuma. Mimi nikamwomba wiki moja.

Nilianza na mafuta. Hapa Burundi mnajua foleni za esansi zilivyo miaka hii. Watu wananunua ya chupa kando ya njia, na hujui imekaa siku ngapi wala imechanganywa na nini. Mimina kidogo kwenye chupa inayoonyesha, iache itulie. Maji yakiwemo yatakaa chini, utaona mstari. Yetu ilikuwa safi, ila iliyobaki ndani ya kabureta ilikuwa ya zamani, imeacha utando wa njano kama gundi. Kile kitundu kidogo cha mafuta ya kuwashia kilikuwa kimeziba nusu. Nilikizibua kwa uzi mmoja wa shaba niliouchomoa kwenye waya wa umeme. Usitumie sindano, chuma kinapanua tundu na hapo umeharibu kabisa.

Ikawa afadhali kidogo tu.

Halafu bujii, au plagi. Ing'oe, irudishe kwenye kofia yake, igusishe chuma cha injini, piga kiki uangalie cheche. Fanya mbali na esansi iliyomwagika, tafadhali, kuna mtu ninayemjua aliunguza nyusi. Cheche yetu ilikuwa ya bluu na nguvu. Nikaziba tundu la bujii kwa kidole gumba, kiki ikakisukuma kidole nje. Maana yake pistoni na ringi bado zina pumzi. Hapo nikajua yule fundi wa laki nne alikuwa anakisia.

Kilichonisumbua ni kwamba baada ya kiki ishirini bujii ilitoka kavu. Kabureta ina mafuta, choki iko wazi, bujii kavu! Ingetoka imelowa ningesema imekunywa kupita kiasi: funga mfereji wa tangi, vuta akseli mpaka mwisho, piga kiki bila bujii ikauke. Lakini kavu?

Jibu lilikuwa ufukweni. Moto za teksi hapa mjini ni TVS na Bajaj, nyingi mapigo manne, na vijana wa garaji wamezoea hizo. Mapigo mawili yako ziwani: mashine nyingi za mitumbwi ni za namna hiyo. Kuna mze anayetengeneza mashine za wavuvi, nikamfuata pale anaposafisha vyombo vyake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: "Mwanangu, ukiisukuma inawaka?"

Nikasema ndiyo, mze.

"Basi inavuta hewa chini."

Akanichorea mchangani. Kwenye mapigo manne, chumba cha chini cha injini kinabeba oili tu. Kwenye mapigo mawili, chumba hicho ni pampu: pistoni ikipanda inavuta hewa na mafuta kutoka kabureta, ikishuka inayasukuma juu. Krenki inatokeza pande mbili za chumba, na kila upande una sili ya mpira. Sili ikichoka, hewa inaingia hapo na kabureta haivutwi sawasawa. Kwa mwendo wa kiki pampu haina nguvu, ukisukuma mwendo unazidi, inashika. Na ile kunguruma yenyewe ndiyo mbaya: hewa nyingi, mafuta kidogo, na oili inakuja pamoja na mafuta. Ukiendelea hivyo mlimani, pistoni inakwama. Laki nne ingekuja kweli.

Tulifungua kifuniko cha kushoto. Nyuma ya gurudumu la sumaku kulikuwa na unyevu mweusi unaonuka esansi, mahali panapotakiwa kuwa pakavu. Mze ana kivutio cha kutolea gurudumu hilo. Msikubali mtu alitoe kwa nyundo, krenki itapinda. Sili ya zamani ilikuwa ngumu kama ukwaju mkavu.

Machi 2022 moto zilikatazwa kuingia katikati ya mji, kwa hiyo nilifunga sili kwenye mfuko nikapanda basi mpaka Buyenzi. Wanasoma namba zilizoandikwa juu yake, wanakupa nyingine. Nauli, sili na soda ya mze havikufika elfu hamsini. Tuliipaka grisi mdomoni, tukaiingiza taratibu kwa kipande cha bomba ili isikae upande.

Kiki ya tatu ikawaka. Mama Mdogo alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi.

Kwa wenzetu wa mashirika mnaosoma hapa: mkitoa moto za zamani, toeni na vyombo vyake pia, hasa hicho kivutio. Na mkileta mafunzo ya ufundi, mwiteni na mtu wa ziwani.

Yetu pampu ya oili iliondolewa na waliotutangulia, tunachanganya kwenye tangi. Wavuvi wanaweka mililita 20 kwa lita, sisi 25. Kama pampu yako inafanya kazi, usichanganye.

Imebaki sili ya kulia, upande wa gia. Ikipanda mlima inatoa moshi mweupe na oili ya gia inapungua, maana yake inainywa. Yaya amesema nikiifungua Jumamosi nitamlipa siku yake ya ndagala. Tumepatana Jumapili mchana, kama mze hatakuwa na mashine ya mtu.