Kelele Zisizo za Muziki: Fundi wa Piano kati ya Meru na Embu

Katika maisha ya kazi ya mwandishi wa tawasifu hii, ambaye amehudumia piano za makanisa na shule za mashariki ya Mlima Kenya, kazi ngumu kuliko zote haikuwa kulinganisha sauti za nyuzi, bali kutafuta chanzo cha kelele isiyo ya muziki, yaani mgoto, mkwaruzo au mvumo unaoandamana na noti na kuichafua. Piano kubwa ya mlalo, ambayo nyuzi zake zimelazwa sambamba na sakafu, ina vibonye 88 na nyuzi zipatazo 230, na kila kibonye huendesha wenzo unaorusha nyundo iliyovikwa sufu iliyoshindiliwa, kisha kuiachia kabla haijagusa waya. Asili ya utaratibu huo ni uvumbuzi wa Bartolomeo Cristofori, aliyeufanya Italia karibu na mwaka 1700. Vipande vinavyotembea ni maelfu, na sikio peke yake hudanganyika kwa urahisi, kwa maana mbao husafirisha sauti mbali na pale ilipozaliwa.

Hali ya hewa ndiyo inayopaswa kushukiwa kwanza. Meru iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari na Embu iko chini yake kidogo. Miji yote miwili hupata mvua kuanzia Machi hadi Mei na tena kuanzia Oktoba hadi Desemba, ilhali Januari na Februari huwa na jua kali. Wakati wa mvua mbao hunyonya unyevu na vibonye hukwama. Wakati wa kiangazi hunywea, skrubu zinazoshikilia bawaba za nyundo hulegea, na hapo ndipo migoto huanza kusikika.

Uchunguzi wa fundi huyu ulianza daima kwa kuzinyamazisha nyuzi za noti yenye hitilafu kwa kabari ya sufu, kisha kukipiga kibonye kama kawaida. Kelele ikibaki, imo katika mitambo. Ikitoweka, inaelekea kuwa ni kitu kinachotetemeka kwa kuitikia sauti ya waya. Hatua ya pili ilikuwa kutambua iwapo mgoto unasikika kibonye kinaposhuka au kinaporudi juu, kwa sababu unaosikika kikirudi mara nyingi hutokana na bushi za kitambaa zilizochakaa, na unaosikika wakati wa pigo hutokana na skrubu iliyolegea au kichwa cha nyundo kilichoachwa na gundi. Katika piano ya kanisa moja mjini Embu, ambayo wazee wa kanisa waliamini kuwa waya wake umechoka, mgoto ulibaki hata nyuzi zilipozibwa. Mitambo ikavutwa nje polepole bila kugusa kibonye hata kimoja, kwani kikibonyezwa nyundo yake huinuka na mpini wake kuvunjika dhidi ya ubao wa mbele, na kichwa cha nyundo kiliposhikwa kwa vidole viwili kilizunguka kidogo juu ya mpini. Gundi ya zamani, iliyokauka na kuwa unga, ikakwanguliwa, mpya ikapakwa, na nyundo ikaachwa ikauke hadi kesho yake.

Mvumo wa kuitikia ni mgumu zaidi, na unahitaji watu wawili. Katika ukumbi mmoja wa Meru noti moja ya besi ilivuma kwa muda mrefu, na fundi akamwomba mwanakwaya aipige tena na tena huku yeye mwenyewe akibana kwa kiganja kifuniko, bawaba zake, stendi ya kitabu cha nyimbo na pedali, bila mabadiliko yoyote. Kisha akaweka kiganja juu ya kioo cha dirisha lililo nyuma ya piano, na mvumo ukakatika papo hapo, kwa kuwa puti iliyokishikilia kioo hicho ilikuwa imepasuka kwa jua. Seremala aliitwa kupaka puti mpya, na ndani ya piano hakukufunguliwa skrubu hata moja.