Bukari Ina Pointi Ngapi?

Mchezo wa video unaweza kuwa na picha nzuri na sauti nzuri, kisha ukaachwa baada ya siku mbili kwa sababu moja tu: mtu yule yule anashinda kila mara, na wote wanajua kwa nini. Kazi ya kuzuia jambo hilo huitwa kusawazisha mchezo. StarCraft, iliyotoka mwaka 1998, ina majeshi matatu yasiyofanana, na waliouunda waliendelea kwa miaka kurekebisha bei ya askari huyu na nguvu ya yule, ili anayechagua jeshi lolote awe na njia ya kushinda. Hawakutafuta majeshi yafanane. Yangefanana, nani angehangaika kuchagua?

Mimi si mtu wa kompyuta. Ninasoma isimu ya lugha za Kiafrika, na aliyeniingiza katika mambo haya ni rafiki yangu anayesoma informatika. Alitaka kutengeneza mchezo wa maneno ya Kiswahili kwenye simu: watu wawili, simu moja, kwa sababu mega zinanunuliwa kwa pesa na benchi ni la bure. Kila mmoja anapewa herufi saba, anapanga neno kwenye miraba, simu inahesabu pointi. Alinihitaji kwa swali moja: herufi ipi ipewe pointi ngapi?

Swali hilo ni la zamani. Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyekosa kazi wakati uchumi ulipoanguka miaka ya 1930, ndiye aliyebuni mchezo tunaouita leo Scrabble. Alihesabu herufi katika kurasa za magazeti, likiwamo New York Times. E akaipa kete 12, Q akaipa kete moja yenye pointi 10. Lakini S, ambayo Kiingereza hukitumia kila mahali, aliipa kete 4 tu. Sababu ni ya kisarufi: S hubandikwa mwishoni mwa nomino, wingi ukapatikana, na mwenye S nyingi angevuna alipopanda mwenzake. Hesabu peke yake haikutosha. Ilibidi kujua lugha inavyofanya kazi.

Basi S ya Kiswahili iko wapi? Nilikaa na swali hili jioni kadhaa, na sijapata zoezi la mofolojia lililonipendeza kuliko hili. Q na X hatuna. C haitembei bila H, kwa hiyo tuliifanya CH kete moja. A imejaa kila mahali. Lakini kete ya hatari kwetu haikai mwishoni mwa neno, inakaa mbele: ni K ikiwa na U. Mwenye hizo mbili anachukua kitenzi chochote kilicho ubaoni, pika, lima, soma, anapachika ku-, analipwa neno zima. Na kwa kuwa ubao wetu ni wa simu, si wa mbao, tuliruhusu neno lifunguliwe katikati: pika, pikia, pikisha, pikishana. Shina moja likamlisha mchezaji mmoja mchezo mzima. Tukaweka sheria kwamba shina likishatumika, anayelirefusha analipwa herufi alizoongeza tu. Mchezo ukatulia.

Kilichotuvuruga ni orodha ya maneno. Rafiki yangu alikuwa amepakia orodha ya Kiswahili sanifu. Tukamwita mama mdogo, anayeuza unga katika soko la Kenya hapa Lubumbashi, acheze na jirani yetu aliyekulia Kigoma. Mama mdogo akaweka bukari, simu ikakataa. Akaweka mutoto, ikakataa. Bantu, ikakataa. Akaiweka simu mezani, akasema haijui Kiswahili, akaenda kuangalia moto wake.

Wasomaji wa jarida hili wanajua historia. Sanifu ilijengwa juu ya Kiunguja, na kamati iliyoundwa mwaka 1930 kuisimamia ilikusanya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Congo, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, haikuwa kwenye meza ile. Sisemi hivyo kwa kinyongo. Naandika makala hii kwa sanifu hiyo hiyo. Ila mchezo uliobeba orodha ile unampa mmoja majeshi yote na mwingine fimbo, na hata ukibadilisha pointi za herufi mpaka usiku wa manane hutasawazisha kitu.

Rafiki yangu akapendekeza maneno ya Lubumbashi yakubaliwe kwa nusu ya pointi. Kwa watengenezaji wa michezo hilo ni jambo la kawaida: silaha ikileta ubishi, ipunguze makali. Nilikataa. Pointi ni bei. Bukari ikilipwa nusu ya ugali, tutakuwa tumeandika kwa tarakimu kile ambacho wengi wetu tuliambiwa darasani kwa mdomo, kwamba tunachosema nyumbani ni Kiswahili nusu.

Akanijibu, na jibu lake lilikuwa zuri: kukubali yote nako kunaonea. Mtu wa Lubumbashi ana mtoto na mutoto, watu na bantu, hapa na apa. Wa Kigoma ana moja moja. Isitoshe mutoto ina herufi sita na mtoto tano, kwa hiyo kila nomino ya namna hiyo inatupa sisi neno refu zaidi. Tulijaribu. Mama mdogo alishinda mara tatu mfululizo, huku akiimba.

Sasa tunacheza hivi. Mtoto na mutoto ni jozi: zinalipwa sawa, na moja ikiwekwa nyingine imefungwa. Neno lisilo na jozi wala halimo kwenye orodha huamuliwa na mpinzani. Mpinzani ana faida akikataa, bila shaka, ndiyo maana kukataa kuna gharama: ukilikataa neno la mwenzako, nawe huwezi kulitumia hadi mchezo uishe, na mwenzako anarudishiwa herufi zake pamoja na zamu. Mara ya kwanza jirani yetu aliikataa bukari. Mchezo uliofuata aliiweka yeye mwenyewe, na alikuwa na haki nayo, maana anaila kila siku.

Asistanti mmoja alituambia kwamba mchezo unaopokea kila neno la sokoni hautamsaidia mwanafunzi kuandika sanifu. Kwa upande wa kuandika, ana hoja. Lakini kwa kucheza na jozi, mama mdogo amejua kwamba hapa inaandikwa kwa H, na jirani amejua bu- inafanya nini kwetu, na hakuna aliyeadhibiwa ili ajue.

H bado inatusumbua. Kwa mchezaji wa sanifu ni herufi rahisi, kwa mama mdogo ni mzigo, na hatujapata pointi zinazowafaa wote wawili. Pia jozi tulizo nazo ni za Lubumbashi tu. Za Bukavu, Kisangani na Bunia hatujaanza. Wanaotoka huko watatukuta kwenye benchi letu nyuma ya fakultati baada ya saa kumi, ikiwa simu ina chaji.